Mama Imakulata Aliyeziba Mtaro: Maisha ya Josepha binti Masele wa Ikonongo, 1907–1959

Baba Padri, mwanangwa mkuu wa kijiji chetu, wazee wa Ikonongo, akina mama wa makanisa yote mawili na wa msikitini, wafanyakazi wa reli, na ninyi jamaa mliokuja kwa garimoshi la usiku kutoka Tabora na Kwihara: tunaomba mkae, wa mikeka kwenye mikeka, wa majani kwenye majani. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na mdogo wa marehemu, Wenceslaus Masele. Marehemu hakupenda hotuba ndefu, hasa zikiwa za watu wengine. Tutajitahidi, lakini maisha yake hayakuwa mafupi wala hayakuwa mepesi, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kununa kama tungeruka jambo.

Josepha alizaliwa Kwihara tarehe 19 Machi 1907, siku ya Mtakatifu Yosefu, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Masele na Mama Pelagia. Baba yake alikuwa mpagazi ujanani. Alibeba pembe na majora ya kitambaa kati ya Tabora na Ujiji kabla reli haijafika, na ndiye aliyewasimulia wanawe habari za ziwa dogo la Ikonongo, mahali misafara ilipotua mizigo, watu wakanywa, wakaoga, wakalala, bila mtu kumwomba mtu ruhusa. Mama Pelagia naye alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alizaliwa amekunja uso. Mkunga alimgeuza akamtazama, akasema, “Huyu kuna jambo hajaridhika nalo.” Hakuna aliyewahi kumsahihisha mkunga yule.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1917, vita vilipokwisha kupita Tabora, hadi mwaka 1920. Alijua kusoma, kuandika, kushona na katekisimu yote. Katika darasa lake wavulana walikalia mabenchi na wasichana walikaa chini. Josepha alimwuliza mwalimu sababu. Mwalimu akajibu kwamba jambo hilo litaangaliwa. Asubuhi ya pili Josepha alisimama mlangoni, mikono nyuma, adabu tele.

“Shikamoo, mwalimu. Limeshaangaliwa?”

Aliuliza hivyo kila asubuhi, hata mwalimu akawa anapitia mlango wa nyuma. Mwisho yule bwana alimletea kigoda cha nyumbani kwake ili apate amani. Josepha hakukikalia. “Sikuomba kigoda,” alisema. “Niliuliza habari za mabenchi.” Wasichana walipata mabenchi baada ya yeye kutoka shuleni, na habari hiyo alipoletewa alisema tu kwamba wamechelewa.

Tarehe 6 Septemba 1926 alifunga ndoa Tabora na Damas Masolwa, mfanyakazi wa genge la reli, mtu mpole ambaye wengi mnamwona pale mbele ameshika kofia yake. Watu walishangaa. Bibi harusi moto, bwana harusi maji ya mtungini. Lakini ndoa ile ilidumu miaka thelathini na mitatu bila kikao hata kimoja cha usuluhishi. Damas akiulizwa siri yake husema, “Yeye alikasirika kwa niaba ya wote wawili, mimi nikapumzika.” Mungu aliwajalia watoto wawili waliokua, Imakulata na Raymundi, na wawili waliotangulia wakiwa wachanga. Mwaka 1928 Damas alihamishiwa hapa Ikonongo, na Josepha alipoliona ziwa lile la hadithi za baba yake, aliteremka kutoka stesheni na mizigo kichwani bado, akaingia majini hadi magotini, akanywa kwa kiganja. Tangu siku hiyo hakutaka kuhama tena.

Kazi yake mliijua kwa pua kabla ya macho. Aliuza perege wa kukaanga na ugali wa mtama pale stesheni, jirani na rafiki yake wa moyoni, Mwanahawa binti Twalibu, aliyeuza chai na maandazi. Mmoja wa misa, mmoja wa swala tano, na meza zao ziligusana. Garimoshi la Kigoma liliposimama, vichwa vilitoka madirishani kabla breki hazijanyamaza: “Mama Imakulata! Perege!” Walikuwapo abiria waliokaa na njaa tangu Tabora kwa kumngojea yeye. Samaki wake alitoka ziwani alfajiri, na adhuhuri alikuwa amekwisha. Hakujua kumuuzia mtu samaki wa jana.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Kiwanda cha ngozi kilijengwa kando ya ziwa mwaka 1949. Marehemu hakukipinga. Watu waliozaliwa jana wanaosema alikuwa adui wa maendeleo, waulize wazee. Alipika chakula cha mafundi waliokijenga. Mwanawe Raymundi alikuwa miongoni mwa vijana wa kwanza kuajiriwa humo, na mama yake alimshonea kaptula mbili za khaki za kwendea kazini. Ngozi zilikuja kwa behewa kutoka Usukumani na kwetu Unyamwezini, zikalowekwa katika chokaa ili manyoya yatoke, zikakwanguliwa nyama, zikatiwa katika maji ya magome ya miti. Yote hayo ni kazi halali. Lakini maji yaliyotumika, pamoja na chokaa, manyoya na makombo ya nyama, yalipitishwa katika mtaro mmoja wazi, na mtaro ule uliteremka moja kwa moja hadi ziwani, hatua chache tu kutoka mahali akina mama walipotekea maji.

Mwaka wa kwanza watu walisema ni harufu tu. Mwaka wa pili maji ya ukingoni yaligeuka rangi ya chai ya maziwa. Masika ya 1951 perege walielea tumbo juu, na aliyebaki hai akawa kambale peke yake, naye akikaangwa alinuka ngozi mbichi. Josepha alijaribu kumloweka katika ndimu. Alijaribu pilipili. Siku moja abiria wa Kigoma, bwana mmoja mwenye miwani, aliuma mara moja, akamtema, akamrusha samaki mzima kupitia dirishani, akaanguka miguuni pa Josepha.

“Mama,” yule bwana alisema, “umetukaangia kiatu?”

Behewa zima lilicheka. Mwanahawa anasema alimwona rafiki yake akiinama, akimwokota yule samaki, akimfuta mchanga kwa ukingo wa kitenge kama vile bado ni wa kuuzwa. Hakusema neno, na hilo ndilo lililomtisha Mwanahawa. Jioni Josepha alilipindua karai lake la kukaangia uani, na halikuinuliwa tena kwa miaka saba.

Alianza kwa njia ya adabu. Alikwenda kwa mwanangwa, mwanangwa akasema ni shauri la Boma. Alipanda garimoshi hadi Boma, karani akasema ni shauri la Bwana Afya. Bwana Afya alisema akina mama wachemshe maji. Walichemsha. Yalipochemka yalinuka zaidi, maana sasa ilikuwa supu. Alirudi kwa Bwana Afya, akaambiwa kwamba mambo ya kiwanda ni ya Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya. Bwana Shauri alimsikiliza vizuri kabisa, akaandika, akaahidi kuja, kisha akahamishiwa Lindi. Wa pili alianza upya: jina lako nani, ziwa liko wapi, kiwanda kipi? Naye alipokwisha kuelewa akaenda likizo Ulaya, hakurudi. Wa tatu alikuja na swali lile lile la kwanza. Josepha alimwambia Damas usiku ule, “Ninawafundisha hawa wazungu ziwa letu kama darasa la kwanza, na kila anayefaulu wanamwondoa shuleni.”

Meneja wa kiwanda, Bwana Hollis, hakuwa mtu wa matusi. Alikuwa mtu wa tabasamu. Kila walipomwendea alisema kwamba ziwa ni kubwa na mtaro ni mdogo.

Ndipo likaja lile jambo la chai, mwaka 1953, ambalo marehemu alikataza lisitajwe mbele yake. Atusamehe.

Bwana Shauri wa tatu, kijana mwenye kiko, alitangaza kwamba angefika Ikonongo kujionea. Josepha akaona hapa pana njia. Alfajiri aliteka maji palepale mtaro unapoingia ziwani, akayachuja kwa kitambaa, akapika chai, akaweka sukari kama ya harusi. Mwanahawa alimshika mkono.

“Josepha, utatufungisha.”

“Hanywi,” Josepha alisema. “Atayanusa tu. Akishayanusa, sina haja ya kusema kitu.”

Bwana Shauri aliketi barazani pamoja na karani wake Saidi na Bwana Hollis. Josepha alimimina mwenyewe. Umati wote ulikitazama kile kikombe. Kijana aliweka kiko chake chini, akanywa. Akanywa tena. Akafikiri kidogo.

“Chai nzuri sana, mama,” alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. “Ina ladha ya moshi. Kwetu nyumbani bibi yangu anapika kama hii.” Na akasogeza kikombe ili aongezewe.

Karani Saidi, aliyekuwa amepiga funda moja, alikuwa nyuma ya nguzo akitapika. Hakuna aliyemwuliza. Bwana Shauri alisimama, akawatangazia watu wa Ikonongo kwamba yeye mwenyewe ameyanywa maji yao na hayana neno. Bwana Hollis alipiga makofi. Josepha alibaki ameshika birika, na kwa mwaka mzima mtu yeyote aliyetamka neno “chai” nyumbani kwa Damas alikwenda kuinywea kwa jirani.

Lakini si yote yaliyokuwa ya kuchekesha. Mwezi Februari 1954 ugonjwa wa kuhara uliingia Ikonongo, na kati ya watoto waliofariki alikuwamo Sikuzani, binti mdogo wa Mwanahawa, umri wa miaka minne. Je, yalikuwa maji? Hakuna daktari aliyesema ndiyo. Hakuna aliyesema hapana. Josepha ndiye aliyekaa na Mwanahawa siku zote za matanga, akimsugulia mgongo. Siku ya mwisho Mwanahawa alisema, “Nilikuwa nikimchemshia, Josepha. Kila siku nilichemsha.” Josepha alitoka nje, akaenda mpaka ziwani, akasimama ukingoni akalia kwa hasira hadi kwikwi zikamshika. Aliporudi alimwambia mumewe kwamba yeye na adabu wameachana.

Mwaka 1955 ikatokea habari ambayo hadi leo inamfanya kila mtu wa Ikonongo ashike kichwa. Reli yenyewe ilikuwa ikipampu maji yake ya injini kutoka ziwa lilelile. Mwezi wa Juni injini ya garimoshi la mizigo ilijaa povu ndani ya boila, ikapoteza nguvu mlimani nje kidogo ya Ikonongo, ikarudi nyuma polepole mpaka stesheni ikitoa povu kama ng'ombe mgonjwa. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, kiliwasili na wazungu watatu wa reli. Walionja maji, wakayatema, wakasema maneno ambayo karani wa stesheni alikataa kuyatafsiri. Kabla mwezi haujaisha kilichimbwa kisima kirefu upande wa pili wa njia, kukajengwa tangi la chuma juu ya nguzo, na injini zikanywa maji matamu, baridi, safi.

Josepha alikwenda kwa bwana stesheni akiwa na ndoo.

“Mama, samahani,” bwana stesheni alimwambia. Hakuwa mtu mbaya, na aliinamisha macho. “Maji haya ni ya reli. Nikikupa wewe, nitampa kila mtu.”

“Ndiyo,” Josepha alisema. “Mpe kila mtu.”

“Sina amri hiyo.”

Aliitazama ile injini iliyokuwa ikijazwa pale, maji yakimwagika pembeni hadi kwenye kokoto. “Sisi tumeumwa miaka minne,” alisema. “Huyu kaumwa tumbo siku moja tu.” Akaondoka na ndoo tupu. Walioiona sura yake njiani walipisha.

Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1955 akina mama wa Ikonongo waliteremka mtaroni na udongo wa mfinyanzi vichwani. Hakukuwa na ngoma wala kelele. Walikuwapo Wakatoliki, walikuwapo Wamoravian, na Waislamu wa mtaa wa stesheni walitangulia mbele na Mwanahawa wao. Wanawake wanaojua kufinyanga mtungi usiovuja walifinyanga ukuta usiovuja, kwa mawe, magogo na udongo, pale mtaro unapotoka uani mwa kiwanda. Kabla ya saa nne ulikuwa umekwisha, umepigwa kwa viganja hadi ukang'aa. Kisha Josepha akatandika kanga juu yake, akakaa.

Maji yakikosa njia hurudi yalikotoka. Yalijaa mtaro, yakajaa ua wa kiwanda, yakapita chini ya uzio, yakaingia bustani ya Bwana Hollis, yakapanda ngazi za baraza yake. Kwa mara ya kwanza tangu afike Ikonongo, Bwana Hollis alikuja bila tabasamu, viatu mkononi.

“Nani amefanya hivi?”

“Shikamoo, bwana,” Josepha alisema.

“Nauliza, nani amefanya hivi? Zibueni! Zibueni sasa hivi!”

“Bwana, jambo lako tumelisikia,” alimjibu, ametulia kama hakimu. “Litaangaliwa.”

Akina mama waliangua kicheko kilichosikika hadi stesheni. Lakini kicheko kile kilikatika, maana Bwana Hollis alirudi na wafanyakazi wake wenye majembe, na aliyewekwa mbele alikuwa Raymundi, mwana wa Josepha, ndani ya kaptula yake ya khaki. Meneja alijua anachofanya.

Raymundi alikuwa na mke na mtoto mchanga, na hapakuwa na kazi nyingine Ikonongo isipokuwa kungojea mtu wa reli afe. Mama yake aliyajua hayo yote. Alimtazama, akamwambia bila ukali, “Zibua, mwanangu. Ndiyo kazi yako, sikuzuii. Ila utaanzia hapa nilipokaa.”

Kijana alisimama. Alilishika jembe kwa mikono miwili. Nyuma yake Bwana Hollis alikuwa akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama anayemtisha mtoto. Raymundi akainama karibu na mama yake.

“Mama, umekula?”

“Bado.”

Akachomeka jembe ardhini, akapanda kilima kwenda nyumbani, akarudi amebeba uji katika kibuyu. Alimnywesha mama yake mbele ya watu wote. Wafanyakazi wengine mmoja mmoja waliweka majembe yao chini. Jioni hiyo Raymundi hakuwa na kazi tena, na marehemu hakuwahi kulizungumza jambo hilo kwa kujisifu. Alisema tu kwamba kati ya watu wote walioulizwa habari za maji yale, mwanawe peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana.

Siku ya tatu walikuja askari. Josepha na Mwanahawa walipelekwa Tabora, wakahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja kwa kuharibu mali ya kampuni. Hakimu alimwuliza kama ana majuto.

“Ninayo, bwana,” alisema. “Tulichelewa.”

Gerezani alilalamikia ugali, akalalamikia uji, akalalamikia namna wanavyofagia, mpaka msimamizi wa wanawake akamkabidhi jiko ili anyamaze. Wafungwa wa mwezi ule walitoka wamenenepa. Damas alimtembelea kila Jumapili, akisafiri usiku kucha. Alikuwa akikaa mbele yake, wakitazamana, kisha akirudi stesheni. “Aliniletea habari moja tu kila mara,” marehemu alisimulia. “Alisema, bado haujavuja.”

Na kweli haukuvuja. Askari walipouzibua, akina mama wengine waliuziba tena. Ulizibuliwa mara ya pili, ukazibwa mara ya pili. Ngozi ziliozea kiwandani, maana ngozi haingoji amri. Hatimaye Boma ililetewa jambo inalolijua, yaani hasara ya mzungu, na mara moja kamati ikaundwa. Mwaka 1956 iliamriwa kampuni ichimbe mashimo matatu makubwa mbali na ziwa, maji machafu yatue humo, na mashimo yazolewe kila mwaka kabla ya masika. Reli nayo iliambiwa ifunge bomba moja kwa ajili ya watu. Mashimo yalikwisha mwaka 1957. Kwenye sherehe ya kuyafungua, Bwana Shauri wa tano aliishukuru kampuni kwa moyo wake wa kuwajali wenyeji, akaishukuru serikali, akaishukuru reli. Alipofika kwenye kumshukuru Bwana Hollis, Josepha aliinuka katikati ya umati, akakung'uta majani kwenye kitenge, akaenda zake. Alisema jioni kwamba alikumbuka ameacha maharage motoni. Imakulata anashuhudia kwamba hakukuwa na maharage.

Ziwa lilipona polepole, kama mgonjwa anayejivuta. Desemba 1958 wavuvi walipata perege, wadogo, lakini perege. Raymundi, ambaye kwa sasa yumo katika genge la reli, alimletea mama yake wa kwanza. Josepha aliliinua lile karai, akalisugua kwa majivu, akamkaanga. Tulikuwapo sote. Mwanahawa alionja, akafumba macho, machozi yakamtoka. Damas alionja, akasema ni yuleyule wa zamani. Josepha alionja, akatafuna sana, akasema, “Ananuka kidogo.” Tulimwambia hanuki. Akasema, “Ananuka kidogo, lakini ataacha.” Wiki ya pili alikuwa stesheni, na madirisha yalikuwa yakimwita tena.

Alianza kuugua mwishoni mwa Oktoba mwaka huu. Alinyeshewa mvua ya kwanza alipokwenda kutazama yale mashimo, maana alikuwa amesikia kwamba mwaka huu hayakuzolewa, na kweli hayakuzolewa. Alikuta yamejaa hadi kingoni. Alirudi akitetemeka, na siku zilizofuata kikawa kichomi. Alipata dawa, alipata sakramenti, alipata wageni wengi kuliko alivyotaka. Kila aliyeingia aliulizwa swali moja kabla ya salamu: “Wameshayazoa?”

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1959, Imakulata alimwonea huruma, akamwambia, “Ndiyo, mama. Wameyazoa leo.”

Mama yake aligeuza uso kuelekea dirishani, akivuta hewa kwa shida.

“Mwongo wewe,” alisema. “Upepo unatoka huko.”

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alifariki alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Damas, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Marehemu ameacha mume, Damas Masolwa. Binti yake Imakulata na mwanawe Raymundi pamoja na wenzi wao. Wajukuu watano, ambao mdogo kuliko wote, binti wa Raymundi, amepewa jina la Sikuzani kwa ombi la bibi yake. Mdogo wake Wenceslaus, anayewasomea haya. Na dada yake asiyezaliwa tumbo moja naye, Mwanahawa binti Twalibu, ambaye familia imemwomba akae kiti cha mbele, pale alipo. Familia inawashukuru wote mliomuuguza, mliochimba kaburi hili, na mliopika tangu jana.

Liko tangazo moja. Mawingu mnayaona. Mvua ikinyesha leo au kesho, yale mashimo yatafurika hadi ziwani, na kampuni tumeiendea mara nne tangu Jumamosi tukaambiwa meneja yuko safarini. Kwa hiyo wanaume walioshika majembe wakimaliza kufukia hapa, tafadhali wasiende nayo nyumbani. Mwanahawa atatuongoza njia. Chakula cha msiba kitaliwa tukirudi.

Ee Bwana, mpe mtumishi wako Josepha pumziko la amani. Sisi tutapumzika baadaye.